Dereva Atakuja au Hatakuja? Makosa ya Kiswahili Yanayostahili Hasira

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika taasisi moja hapa Morogoro, na kazi yangu ni kuchapa na kusambaza barua. Makosa ya Kiswahili yananikera hadi nakosa raha: masaa, wakina mama, mwisho wa siku, swala badala ya suala. Wenzangu wameshaanza kuniita mjuaji. Wiki iliyopita mkuu wangu wa kazi alinitumia ujumbe huu: “Tumekodisha basi kwa ajili ya wakina mama wa kikundi, tunategemea litachelewa kama masaa mawili, na dereva hatakuja na orodha ya majina.” Nilielewa kwamba dereva hana orodha, nikakaa hadi usiku kuchapa majina ya watu 46. Asubuhi dereva akashuka na orodha mkononi. Je, hasira yangu ni ya haki? Na nitawasahihishaje watu, hasa mkubwa wangu, bila kuwavunjia heshima?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeusoma ujumbe wa mkuu wako mara kadhaa, na nimeona kwamba sentensi ile moja imebeba makosa matano yasiyolingana uzito. Mawili yamegeuza habari yenyewe juu chini, moja limeipindisha kidogo, moja halikudhuru kitu, na la tano, ambalo nadhani ndilo lililokukera mwanzo, lina utetezi ambao wengi wetu hatukuusikia darasani. Hasira yako ni ya haki, ila umeigawa sawasawa kwa makosa yote, na hapo ndipo inapokuchosha wewe na kuwachosha wenzako.

Baada ya miaka mingi ya kuhariri miswada ya watu nimebaki na kipimo kimoja. Ninapokutana na kosa najiuliza kama limefuta tofauti ya maana ambayo Kiswahili kilikuwa nayo. Likiwa limefuta, nalisahihisha hata kama mwenye barua ni mtu mkubwa, kwa sababu msomaji ataondoka na habari isiyokuwepo. Likiwa halikufuta kitu, nalirekebisha kimyakimya katika maandishi rasmi, na katika mazungumzo naliacha lipite.

Tuanze na lile lililokukesha. Ukanushi wa Kiswahili mara nyingi husikika kwa silabi nzima: nitapata hugeuka sitapata, tutapata hugeuka hatutapata, watapata hugeuka hawatapata. Lakini katika nafsi ya pili na ya tatu umoja, kiambishi cha ukanushi huungana na cha nafsi, na kinachobaki kutofautisha ndiyo na siyo ni herufi moja tu: utapata na hutapata, atapata na hatapata. Herufi hiyo ndiyo ambayo wasemaji wengi huidondosha au huipachika pasipo mahali pake, kwa kuwa lugha zao za kwanza hazina sauti hiyo au zinaitumia kwa namna nyingine. Wapo wanaosema “ajafika” wakimaanisha hajafika. Wapo pia waliowahi kukosolewa kwa kudondosha h, nao kwa kuogopa kukosolewa tena wakaanza kuipachika kila mahali, na nadhani mkuu wako ni mmoja wao. Alitaka kukuambia dereva atakuja na orodha. Wewe ulisoma alichoandika, nawe ulisoma vizuri, kwa hiyo usijilaumu kwa usiku ule. Fikiria sentensi ya namna hiyo ikiwa katika barua ya bima, “mteja hatalipwa fidia”, au katika maelekezo ya dawa, “mgonjwa hatakunywa kidonge asubuhi”, na utaona kwa nini kosa hili nimeliweka mbele ya mengine yote.

Nilipofiwa na mama yangu nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mtu ninayempenda sana, uliosema: “Pole ndugu yangu, Mungu hatakufariji.” Niliusoma nikiwa nimekaa mkekani na waombolezaji wengine, na kwa nukta moja moyo ulisimama. Kisha nikamsikia mwenyewe masikioni mwangu, jinsi anavyotamka, na maneno yakakaa mahali pake. Sikumsahihisha siku ile wala baadaye, kwa kuwa ujumbe ule ulikuwa umeshanifikia kama alivyoukusudia. Ila nilipomsaidia mwaka uliofuata kuandika barua ya kuomba kazi, tulikaa pamoja juu ya h zake moja baada ya nyingine, naye hakuona aibu, maana barua ile ilikuwa inakwenda kwa watu wasioijua sauti yake.

Kosa la pili la kugeuza habari ni “tumekodisha”. Anayekodi ni yule anayetoa pesa ili atumie mali ya mwingine. Anayekodisha ni mwenye mali. Vivyo hivyo mpangaji hupanga na mwenye nyumba hupangisha, mwenye shida hukopa na mwenye fedha hukopesha. Kiambishi kile cha usababishi, -sh-, kinaeleza kitu kimetoka kwa nani kwenda kwa nani, na mtu akikitumia ovyo, pande mbili za mkataba hubadilishana viti. Mkuu wako, kwa maneno yake, ameitangaza taasisi yenu kuwa ina basi na imelitoa kwa wengine kwa malipo.

Sisemi haya kwa nadharia. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea karatasi ya makubaliano iliyoandikwa kwa mkono: “Nimekodisha chumba kimoja kwa mzee wangu huyu, kodi ni shilingi 50,000 kwa mwezi, miezi sita imelipwa.” Kijana ndiye aliyekuwa mpangaji. Mzee alipofariki, warithi wakadai hawakuona fedha yoyote, na karatasi iliyopaswa kumlinda ikamgeuka, kwa sababu ukiisoma ilivyo, kijana ndiye mwenye chumba na mzee ndiye aliyepanga. Neno “kwa” halikumsaidia, maana hutumika kwa aliyetoa na kwa aliyepokea, na “imelipwa” haikutaja nani amemlipa nani. Mambo yalitengemaa baada ya majirani watatu kutoa ushahidi. Laiti angeandika “nimepanga chumba katika nyumba ya mzee huyu, nami nimemlipa kodi ya miezi sita”, karatasi ingejitetea yenyewe.

“Tunategemea litachelewa” ndilo kosa lililoipindisha habari, nalo limeenea katika matangazo na taarifa za habari kiasi kwamba wengi hawalioni tena. Kutegemea ni kuweka uzito wako juu ya kitu, kama mzee anavyotegemea mkongojo wake, kikiondoka, unaanguka. Mkulima anaitegemea mvua. Anayeishi bondeni karibu na mto anaitarajia, tena kwa hofu, na hakuna siku ataitegemea. Tukisema “mafuriko yanategemewa wiki ijayo”, tumewafanya watu wa bondeni waonekane wanayasubiri ili waishi. Wapo wenye ujuzi wanaosema kwamba hata kutarajia kuna chembe ya tumaini ndani yake, kwa hiyo jambo baya linafaa kusemwa kwa kuhofia au kwa “huenda”. Nakubaliana nao, na nitaurudia ushauri huo nitakapouandika upya ujumbe wa mkuu wako.

Hapo hapo niliweke lile la “mwisho wa siku”, kwa kuwa ni la ukoo huo huo. Maneno hayo yametafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza na kupewa maana ya hatimaye, mwishowe, au yote yakishasemwa. Lakini katika Kiswahili mwisho wa siku ni jioni, jua likizama. Ukimwambia kibarua “mwisho wa siku utalipwa”, atakaa kwenye geti hadi magharibi akisubiri haki yake, nawe utakuwa ulimaanisha kwamba siku moja, isiyojulikana, malipo yatapatikana. Sichukii maneno yanayokuja kutoka lugha nyingine; Kiswahili kimekopa Kiarabu, Kireno, Kihindi, Kijerumani na Kiingereza na kikanufaika, na shule, meza na gari ni mashahidi. Kinachonisumbua ni neno la kukopa linapokalia kiti cha neno lililokuwepo na kulifukuza. Hatimaye na mwishowe ni maneno mazuri, mafupi, yasiyo na utata, na vijana wengi ninaowasomea insha hawayatumii kabisa.

Sasa “masaa”. Najua utashangaa, lakini katika makosa yako yote hili ndilo ninaloliheshimu. Kanuni ya Kiswahili sanifu inaliweka neno saa katika ngeli ya i-zi: saa imefika, saa zimepita, wingi haubadiliki. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hivyo ndivyo ninavyohariri. Ila jaribu kusoma sentensi hii: “Tulimngoja saa tatu.” Je, tulikuwa tukimngoja ilipotimu saa tatu, au tulimngoja kwa urefu wa saa tatu? Utata huu una asili yake. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kupambazuka, na saa tatu asubuhi ni pale saa tatu za mchana zinapokuwa zimepita. Namba ya wakati na urefu wa muda zimetoka katika hesabu moja. Msemaji anayesema “tulimngoja masaa matatu” ameuondoa utata huo kwa herufi mbili tu. Ameiongezea lugha tofauti ambayo kanuni haikumpa. Kwa kipimo changu, kosa la namna hiyo halistahili hasira hata kidogo. Katika barua rasmi andika “kwa muda wa saa tatu”, ambayo ni sanifu na haina utata, lakini mwenzako akisema masaa wakati wa chai, mwache amalizie hadithi yake. “Lisaa” nalo, kama katika “nimesimama lisaa lizima”, limeundwa kwa kanuni ya ukubwa tuliyonayo wenyewe, na husemwa na mtu aliyechoka kungoja. Mahali pake ni mdomoni, si kwenye kumbukumbu za kikao.

“Wakina mama” halina utetezi huo wala halina madhara. Neno ni akina, au kina kwa ufupi, nalo tayari limebeba wingi. Wa- ya mbele ni wingi juu ya wingi. Lifute unapochapa, na usiliongelee. Na kwa kuwa tumegusa watu na wingi wao, niseme jambo moja kuhusu wasahihishaji wenye bidii kuliko maarifa. Wapo wanaokatakata “ndugu zangu wamefika” na kuandika “ndugu wangu wamefika”, wakidai kwamba viumbe hai lazima vipate upatanisho wa a-wa kila mahali. Hawajui wanachokivunja. Ndugu yangu ni mmoja na ndugu zangu ni wengi, na msikilizaji anajua idadi hata kabla kitenzi hakijafika. Ukiandika ndugu wangu, tofauti hiyo imekufa, na aliyeiua amejiita mtetezi wa lugha.

Kuhusu matamshi na tahajia nitapita haraka, kwa sababu unayajua. Suala ni jambo la kujadiliwa. Swala ni mnyama wa porini, na kwa Waislamu wengi ni ibada. Kura hupigwa na kula ni chakula. Mahari hutolewa kwa wakwe na mahali ni pa kukaa. Samani ni vitanda, meza na makabati, lakini nimeona kibao cha fundi seremala kilichoandikwa kwa rangi nyekundu na kwa mkono mzuri sana, “Tunatengeneza thamani za ndani”, kosa la mtu aliyejitahidi kutamka th vizuri hadi akaipeleka pasipotakiwa. Mtu asiyetofautisha r na l kwa sababu lugha ya mama yake haizitofautishi hana hatia yoyote anapozungumza. Anapoandika, afungue kamusi kama sisi sote tunavyofungua.

Kabla sijafika kwa mkuu wako, nakuomba uwe mwangalifu na jambo moja ambalo limewaponza wengi wenye hasira kama yako. Usanifu tunaoutetea ulitokana na makubaliano. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kusawazisha tahajia na vitabu. Makubaliano hayo yametufaa sana, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa hapa Tanzania mwaka 1967, linayaendeleza hadi leo. Lakini kuchaguliwa kwa Kiunguja hakukufanya lahaja nyingine kuwa makosa. Mtu wa Mombasa anayesema “nti” kwa nchi na “ndia” kwa njia anasema Kimvita, lugha ambayo Muyaka bin Haji alitungia mashairi yanayosomwa mpaka sasa. Mtu wa Lubumbashi anayesema “batu” hajashindwa kusema watu. Mkenya anayempeleka mwanawe shule ya upili na Mtanzania anayempeleka sekondari wamefika mahali pamoja.

Chukua kamusi mbili uziweke mezani. Moja, iliyotoka kwanza mwaka 1981 kwa kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inaitwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Nyingine, ya Baraza la Kiswahili la Zanzibar ya mwaka 2010, inaitwa Kamusi la Kiswahili Fasaha. Tazama neno la pili katika kila jina. Taasisi mbili zenye mamlaka na wataalamu waliobobea zimetofautiana kuhusu ngeli ya neno kamusi, tena kwenye jalada. Ninapojisikia kutaka kumkemea mtu kwa upatanisho uliokwenda kando, huwa nazitazama kwanza zile jalada mbili juu ya rafu yangu.

Sasa tuje kwa mkubwa wako. Mimi nisingemwendea na kalamu nyekundu, wala nisingetaja neno kosa. Ningemuuliza swali la kazi, lile ambalo ujumbe wake ulishindwa kulijibu: “Mkuu, samahani, dereva atakuja na orodha au hatakuja nayo?” Mtu akiulizwa hivyo analiona tatizo mwenyewe, kwa sababu maneno mawili yamekaa mbele yake bega kwa bega. Fanya vivyo hivyo kwa kukodi na kukodisha: “Basi ni letu tunalotoa, au tunalichukua kwa mtu?” Mara ya pili au ya tatu ataanza kukuletea barua uzipitie kabla hazijatoka, na hapo utakuwa na nafasi ya kufuta wakina na kubadilisha masaa bila mtu kujisikia amevuliwa nguo hadharani. Kwa wenzako wa rika lako unaweza kusema waziwazi zaidi, lakini wawili tu, si mbele ya wengine, na kwa yale yanayogeuza maana tu. Ukiacha kuwakatiza kwenye masaa, watakusikiliza kwenye hatakuja. Sasa hivi hawasikii lolote, kwa kuwa kwao makosa yako yote yana kelele moja.

Na ule ujumbe wenyewe, kama ungepita mezani kwangu, ungetoka hivi: “Tumekodi basi kwa ajili ya akina mama wa kikundi. Huenda likachelewa kwa muda wa saa mbili hivi. Dereva atakuja na orodha ya majina, kwa hiyo hakuna haja ya kuandaa nyingine.” Kipande cha mwisho hakikuwemo katika maneno ya mkuu wako. Nimekiongeza kwa sababu panapokuwa na hatari ya herufi moja kupotea, ni vizuri habari ile ile isemwe mara ya pili kwa maneno mengine, ili msomaji mwenye kazi nyingi kama wewe aweze kwenda kulala mapema.